Fistula ya mkono Nairobi: theata haina neno, kasoro ziko kabla na baada yake

Kwenye vituo vya dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine figo zikishindwa) jijini Nairobi, mgonjwa mpya akiuliza fistula akafanyiwe wapi, hutajiwa jina la daktari na bei. Vyote viwili vina uzito wake, ila sivyo vinavyoamua kama mkono utadungika baada ya miezi miwili. Hapa tunaipima huduma nzima, kuanzia kliniki hadi sindano ya kwanza, na msimamo wetu tunautaja mapema: upasuaji wenyewe Nairobi unafanywa vizuri. Kinachopungua ni upimaji wa mishipa kabla ya kisu, na ufuatiliaji nyuzi zikishatolewa.

Kwa anayeanza, fistula ya mkono ni ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (unaoirudisha) zilizounganishwa chini ya ngozi ili damu ya ateri, yenye kasi, ipitie kwenye vena. Vena ikizoea msukumo huo hupanuka na ukuta wake huwa mnene, ndiko kukomaa, kisha inaweza kudungwa sindano mbili kubwa kila kikao, kwa miaka. Njia hii ilielezwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao huko New York, na bado ndiyo wataalamu huitaja kwanza kwa mgonjwa mwenye mishipa mizuri na muda wa kusubiri. Katheta ya shingoni, yaani mrija unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa, sifa yake ni moja, kwamba hutumika siku ile ile inapowekwa. Lakini hiyo ni njia ya bakteria kuingia moja kwa moja kwenye damu, na ikikaa sana huacha makovu kwenye mishipa mikuu ya kifuani. Mishipa hiyo ikishabana, hata fistula iliyoshonwa vizuri upande huo itavimbisha mkono mzima. Katheta inayopitishwa chini ya mtulinga ndiyo mbaya zaidi kwa hili. Ukipendekezewa hiyo huku shingo yako haina tatizo, uliza sababu.

Huduma inapatikana Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hospitali kubwa za kibinafsi, na vituo vidogo vinavyomwalika daktari mpasuaji wa mishipa kwa siku maalumu. Vituo hivi vidogo si vibaya, na mara nyingi foleni yake ni fupi. Swali la kuviuliza ni hili: daktari akishaondoka, mtetemo wa mkono, ambao ni dalili kwamba damu inapita kwenye fistula, ukipotea Jumamosi usiku, nani atapokea simu?

Ramani ya mishipa

Hapa ndipo tunapokuwa wakali. Kuna kliniki ambako daktari hufunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mkono, akaandika tarehe ya theata. Kwa kijana mwembamba mwenye mishipa inayoonekana toka mlangoni, hilo laweza kutosha. Kwa mama wa miaka 60 mwenye sukari na mkono mnene, kupapasa ni kubahatisha. Anahitaji altrasaundi ya dopla, inayoonyesha mishipa na mtiririko wa damu, ya mikono yote miwili, na ripoti iliyoandikwa kwa milimita, si kwa maneno kama “mishipa iko sawa.”

Ripoti nzuri inataja upana wa vena mkono ukiwa umefungwa mpira, kina chake kutoka kwenye ngozi, kama ina sehemu zilizoziba au kukakamaa, na matawi yake. Inataja pia upana wa ateri na kama kuta zake zina chokaa. Kwa kawaida wapasuaji hutaka ateri isiyopungua milimita 2, na vena ya milimita 2 hadi 2.5 au zaidi. Chini ya hapo si kwamba haiwezekani, ila uwezekano wa fistula kuanguka, yaani kushindwa kufanya kazi, hupanda, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Vipimo hivi huharibika kwa mambo madogo. Mwezi wa Julai, chumba cha altrasaundi kikiwa baridi, vena hujikaza na kusomeka nyembamba kuliko ilivyo. Ukipimwa saa moja baada ya dayalisisi, umetolewa maji na mishipa imesinyaa. Nenda siku isiyo ya mashine, umevaa sweta, na ukae ndani dakika chache mkono upate joto. Mpimaji anayejua kazi yake atakuketisha na mkono ukining'inia, na hatakandamiza kichwa cha mashine, kwa sababu vena hubonyea kwa uzito wa mkono tu.

Mambo mengine mawili hayagharimu chochote na bado yanarukwa. Presha ipimwe mikono yote miwili. Tofauti ikizidi 20, huenda ateri ya upande wenye presha ya chini imebana huko juu. Pili ni kipimo cha kiganja: daktari anabana ateri zote mbili za kifundo cha mkono, mgonjwa anafumba na kufumbua ngumi mpaka kiganja kipauke, kisha ateri ya upande wa kidole kidogo inaachiliwa. Rangi isiporudi ndani ya sekunde chache, kiganja hicho kinategemea mno ateri ambayo mpasuaji anataka kuitumia.

Kabla ya haya yote kuna hifadhi ya mishipa, ambayo wodi zetu nyingi bado haziijali. Mgonjwa ambaye figo zake zinaelekea kuchoka asiwekewe kanula kwenye mkono wa chini wala kwenye kiwiko, hasa mkono asioutumia sana. Damu itolewe mgongo wa kiganja. “Sista, naomba usidunge hapa, nahifadhi mshipa wa fistula” ni sentensi inayokubalika kabisa, na sista mwenye uzoefu hatanuna. Fistula ikitengenezwa takriban miezi sita kabla ya mashine kuhitajika, mgonjwa huikwepa katheta. Bahati mbaya wengi hufika hospitali wakiwa hoi, wakaanza na ya shingo.

Kifundo, kiwiko au mrija

Desturi ni kuanza chini, kwenye kifundo cha mkono, upande usioandikia. Ikianguka, bado kuna nafasi ya kupanda juu. Desturi hiyo ni nzuri, lakini tunaona inafuatwa kikasuku. Mzee mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi ateri yake ya kifundo imejaa chokaa. Kumfanyia hapo ili “tujaribu kwanza” ni kumwongezea miezi ya katheta. Kwake kiwiko huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukomaa. Gharama yake ni kwamba fistula ya kiwiko huvuta damu nyingi, na kiganja kinaweza kunyimwa. Mwongozo wa Marekani wa matibabu ya figo, KDOQI, wa 2019 uliacha kusisitiza aina moja kwa watu wote, ukataka kila mgonjwa apangiwe kulingana na umri, mishipa na matarajio yake. Daktari anayekueleza kwa nini amechagua kiwiko chako badala ya kifundo anastahili alama kuliko anayekwambia “ndivyo tunavyofanya.”

Vena ya ndani ya mkono wa juu ni suala peke yake. Iko kirefu, imekaa karibu na neva, na haiwezi kudungwa ilipo. Lazima ihamishwe na kuletwa juu karibu na ngozi, mara nyingi kwa upasuaji wa pili wiki kadhaa baada ya wa kwanza. Hapa ndipo familia nyingi hushtukia bili. Ukisikia maneno “vena ya ndani” au “kuhamisha,” uliza papo hapo: bei mliyonitajia ni ya hatua moja au zote mbili?

Mrija wa bandia, unaoshonwa kati ya ateri na vena, ni wa wale wasio na vena ya kutumika. Wa kawaida hudungwa baada ya wiki mbili au tatu, uvimbe ukishapungua, na hauhitaji kukomaa. Lakini huganda na kupata maambukizi kwa urahisi kuliko fistula, na ukiambukizwa mara nyingi hulazimika kutolewa.

Ndani ya theata

Alama za juu tunazitoa hapa. Upasuaji huchukua saa moja hadi mbili, mgonjwa akiwa macho, mara nyingi kwa ganzi ya kuchoma eneo lenyewe. Baadhi ya hospitali hutoa ganzi ya mkono mzima kwa sindano ya juu ya mtulinga au kwapani. Tunaipenda zaidi hiyo pale inapopatikana, kwa sababu neva zikilala vena hutanuka na mpasuaji hupata mshipa mkubwa wa kushona.

Vena huchorwa kwa kalamu kabla ngozi haijapakwa dawa. Ngozi hupasuliwa sentimita tatu au nne. Vena huachanishwa na nyama, matawi madogo hufungwa kwa uzi, kisha hukatwa upande wa chini na kusafishwa kwa maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Yakipita bila kusukumwa kwa nguvu, njia ya juu iko wazi. Ateri hubanwa pande mbili, hupasuliwa kwa urefu milimita chache, na ncha ya vena hushonwa ubavuni mwake kwa uzi wa polipropilini wa 6-0 au 7-0, mwembamba kama unywele, mpasuaji akiwa amevaa miwani ya kukuza. Kwenye kiwiko tundu hilo hufanywa dogo makusudi, ili mkono usinyang'anywe damu.

Vibano vikiachiliwa, kidole kikiwekwa juu ya vena kinapaswa kuhisi mtetemo unaoendelea, kama simu inayoita ikiwa imezimwa sauti. Kikihisi mapigo magumu tu, ya kugonga na kuacha, kuna kizuizi mbele: vena imejipinda, tawi limevutwa, au kuna mshipa uliobana juu. Mpasuaji makini hafungi ngozi katika hali hiyo. Anafungua, anatafuta, anashona upya. Mgonjwa yuko macho, hakuna ubaya kuuliza, “Daktari, mtetemo upo?”

Tarehe ipangwe siku inayofuata dayalisisi, si asubuhi kabla yake. Potasiamu ipimwe. Kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, usiisimamishe mwenyewe. Wengine huendelea na aspirini, warfarini ina utaratibu wake.

Siku za kwanza nyumbani

Karatasi ya kuruhusiwa katika hospitali nyingi ina mistari mitatu: meza dawa ya maumivu, usilowanishe kidonda, rudi siku fulani. Haitoshi. Mgonjwa afundishwe kupapasa mtetemo asubuhi na jioni, na aambiwe kwamba ukipotea anakuja siku hiyo hiyo, hangoji kliniki. Damu iliyoganda leo inaweza kuondolewa. Ikikaa siku kadhaa, mara nyingi vena imekwisha.

Sababu ya kawaida ya kuganda mapema, ukiacha kasoro ya ushonaji, ni presha kushuka. Mgonjwa anakuja dayalisisi na kilo nyingi za maji, mashine inamvuta sana, presha inaanguka, na fistula changa inakufa kwenye kiti. Sababu nyingine ni kubanwa: bandeji iliyozungushwa mkono mzima, saa, bangili, mkono wa sweta la mtumba uliobana, kiondo kilichotundikwa kwenye kiwiko, kulalia mkono. Presha isipimwe hapo wala damu isitolewe. Na kwenye stejini, weka mkono huo upande wa mbali na makanga. Desturi ya kuvuta abiria mkono haijui nani ana nyuzi.

Kuna dalili ambazo ni za kukimbia hospitali usiku huo huo. Kiganja kikiuma vikali, vidole vikalegea au kufa ganzi saa chache baada ya upasuaji wa kiwiko, hiyo ni neva inayokosa damu, na ikicheleweshwa udhaifu hubaki. Baridi ya vidole na maumivu yanayozidi ukiwa kwenye mashine ni aina ya polepole ya tatizo hilo hilo. Nayo hutibika, mara nyingi kwa kupunguza damu inayopita kwenye fistula. Usiambiwe tu uvae glavu.

Wiki ya sita ambayo haipo

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Baada ya hapo huduma nyingi hunyamaza. Mgonjwa huambiwa afinye mpira na asubiri. Kufinya mpira ni sawa, dakika kumi mara kadhaa kwa siku kidonda kikishapona, lakini mpira haufungui mshipa uliobana.

Mkono uchunguzwe kati ya wiki ya nne na ya sita. Kipimo maarufu ni cha sita-sita: damu mililita 600 kwa dakika, upana milimita 6, kina kisichozidi milimita 6, ndani ya takriban wiki 6. Fistula nyingi hazikifikii bila msaada, na sababu huwa chache. Inayoongoza ni kubana kwa vena sentimita chache tu kutoka kwenye mshono. Nyingine ni tawi kubwa linalokwepesha damu, au vena nzuri iliyozama kwenye mafuta. La kwanza hupanuliwa kwa puto au kushonwa upya juu zaidi, la pili hufungwa kwa uzi, la tatu huletwa juu. Yakigunduliwa mwezi wa nne baada ya upasuaji, mara nyingi kilichobaki huwa kamba ngumu chini ya ngozi.

Nesi yeyote wa dayalisisi anaweza kuyashuku bila mashine. Inua mkono juu ya kichwa: fistula yenye afya hulegea na kubonyea. Ikibaki imevimba, njia ya kurudi kifuani imebana. Kisha teremsha mkono, ziba vena kwa kidole sehemu ya juu: karibu na mshono mapigo yanapaswa kuwa ya nguvu. Yakiwa dhaifu, damu haiingii vya kutosha. Kipimo hiki ni cha dakika moja, na kituo kinachokifanya kila mwezi kina thamani kuliko chenye viti vya ngozi na televisheni.

Sindano ya kwanza

Fistula iliyokomaa vizuri inaweza kuharibiwa asubuhi moja. Kudungwa kwa mara ya kwanza ni kazi ya nesi mwenye mkono mzoefu, si ya anayejifunza. Huanzwa na sindano nyembamba, namba 17, pampu ikiwa polepole, mililita 200 hadi 250 kwa dakika. Vituo vizuri huanza na sindano moja huku damu ikirudi kupitia katheta, kisha mbili. Mkono ukivimba ghafla, damu inamwagika chini ya ngozi: pampu isimamishwe, pabanwe, barafu iwekwe, na mkono upumzike mpaka uvimbe uishe. Kudunga tena kesho yake ili kuokoa ratiba ni kosa.

Baada ya hapo sindano zihame. Nesi mwenye haraka hupenda pale pale palipolainika, kwa kuwa hapaumi na hapakosei. Baada ya mwaka hapo pana uvimbe, na ngozi inayong'aa. Ngozi ikiwa nyembamba na ina kigaga kisichopona, huo si urembo wa kuzoea, inaweza kupasuka. Ikipasuka nyumbani, bana kwa kidole juu ya tundu lenyewe, kwa nguvu, inua mkono, na ita msaada. Taulo lililorundikwa hunywa damu bila kuizuia.

Katheta isitolewe kwa pupa wala isiachwe kwa mazoea. Sindano mbili zikifanya kazi vikao kadhaa mfululizo, iondoke.

Bili na karatasi

SHA, bima ya afya ya serikali, hulipia kikao cha dayalisisi shilingi 10,650, kutoka 9,500 za wakati wa NHIF iliyoitangulia. Upasuaji wa fistula ni mlango mwingine: unahitaji idhini kabla, na hospitali ikuonyeshe kwa maandishi kiasi kilichokubaliwa na kiasi utakachoongeza. Bei ya kifurushi isikufurahishe mpaka uone kilichomo. Dopla ya kabla imo? Daktari wa ganzi? Kliniki ya wiki ya sita pamoja na dopla yake? Mkono ukiganda ndani ya siku mbili, kurudi theata ni kwa gharama ya nani? Kifurushi cha bei nafuu kisicho na dopla hata moja kwa maoni yetu ni ghali.

Kabla ya kuondoka dai nakala ya maelezo ya upasuaji na mchoro wa mkono unaoonyesha ateri iliyotumika, vena, na damu inaelekea wapi. Wagonjwa wa Nairobi huhama vituo, leo Kasarani, mwezi ujao Rongai, na nesi mgeni asiyejua mwelekeo anaweza kugeuza sindano. Mashine husafisha damu ile ile mara mbili, na matokeo ya maabara yanabaki mabaya huku kila mtu akilaumu chakula. Piga mchoro huo picha, uweke kwenye simu, na nakala nyingine ikae ndani ya faili ya dayalisisi.